Siku Nilipompa Mbusa Kiti Badala ya Habari

Nimesikia mambo ya frigo. Musiogope, sikuja kugomba. Chefu wenu alinipigia akanieleza: frigo ya chanjo ilizimika Ijumaa, Jumapili wakaikuta na joto ndani, na ninyi vijana wa staji, munaojifunza kazi, mulijua. Watatu! Alipowauliza, mukamjibu kwa adabu yote, "Chefu, hukutuuliza." Eeh Mungu wangu. Nilicheka mpaka nikakohoa, kisha nikanyamaza, sababu jibu hilo nalijua. Niliwahi kuwa nalo mdomoni mwangu mwenyewe, tena katikati ya vita, na lilikaribia kuua watu.

Chefu alitaka nije nisimame mbele yenu niwafundishe. Lakini magoti yangu hayataki tena kile kilima chenu, donc, kwa hiyo, naandika. Musome polepole. Na muzime telefone. Sikusema muziweke kimya, nimesema kuzima.

Mimi ni Kahambu. Kwa watu wa zamani naitwa "sauti ya Butembo", maana wengi wa Beni, Mutwanga na Manguredjipa walinijua kwa sauti miaka mingi bila kuniona sura. Wengine walipokuja kuniona walisikitika kidogo, walidhani niko mrefu. Kazi yangu ilikuwa phonie ya depo ya dawa, zaidi ya miaka ishirini. Phonie ni ile redio ya kusema na kujibiwa: sanduku moja, mikro moja, batri ya gari, na waya mrefu uliofungwa juu ya mti. Ukimaliza kusema unatamka "À vous", zamu yenu. Wakati wa vita telefone ya mkononi haikuwepo. Barabara inafungwa leo, inafunguliwa kesho kutwa, na wenye silaha wanabadilika mpaka unachoka kuuliza hawa nao ni wa nani. Ukitaka kujua kama dawa zilifika Mutwanga, ama kama mama yako bado ni mzima, ni phonie tu. Mwanzoni nililiogopa lile sanduku. Nilikuwa ninalipangusa vumbi bila kulitazama usoni.

Aliyenifundisha ni Papa Kasereka. Alikuwa mwembamba, na shati lake limefungwa kifungo mpaka shingoni, joto liwepo lisiwepo. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa tangu bomu moja lilipoanguka karibu naye, kwa hiyo ukimsemesha anakugeuzia la kuume, unadhani anakupa shavu umbusu. Kucheka kwake kulikuwa kwa nadra sana. Alisema kidogo, lakini alisema mapema, na hicho ndicho kitu sijaona kwa mtu mwingine mpaka leo.

Siku ya kwanza aliponiachia mikro, Manguredjipa ikaita. Mimi nimelelewa vizuri, jamani. Nikasalimia. Nikauliza kama wameamka, kama watoto wameamka, kama mvua imewapiga, kama mama mkwe wa yule bwana wa phonie amepona mguu. Yeye naye alikuwa Munande wa kweli, mtu wa kabila letu: akajibu yote, moja moja, akaniuliza na mimi ya kwangu. Tulipomaliza akasema, "Donc, Kahambu, huku tunaomba..." Kikaja kimya. Batri yao ilikuwa imekufa. Kule mvua ilikuwa ikinyesha siku tatu, jua la kujaza batri halikuonekana, na nguvu kidogo iliyobaki tuliimaliza kwa mguu wa mama mkwe.

Papa Kasereka akageuza lile sikio lake. "Umesalimia muzuri sana," akasema. "Sasa Manguredjipa iko na salamu yako, haiko na dawa."

Tuliwapata tena nyuma ya siku mbili. Mungu ni mwema, walikuwa wanaomba pamba na alkoli tu. Lakini kuanzia pale nilijifunza kuanza na kitu ninachohitaji, na salamu ikafuata nyuma, kama batri inaikubali. Mama yangu aliponisikia siku moja ninavyosema kwenye phonie alikasirika, akaniuliza nimelelewa na nani.

Papa Kasereka alikuwa na maneno yake manne, ya kila siku. Unasema wewe ni nani, umeona nini, unataka nini, na nini hujui. Matatu ya kwanza mtu yeyote anayaweza. Lile la nne lilinishinda. Mtu anapenda kusema "sijui" hewani, watu wote wanasikia? Mimi nilikuwa ninalimeza. Yeye alikuwa analitoa kwa sauti ile ile anayosemea jina lake, bila kushusha macho, na mimi nilikuwa ninamtazama na kujiuliza huyu mtu ameumbwa na nini.

Siku moja alipakia pickup ya Kyavinyonge. Kule ziwani walikuwa wanangoja dawa ya kuhara. Gari ikaenda. Nyuma ya saa moja akazunguka ndani ya stoki, akaona sanduku la dawa limekaa pale pale, na la mashuka haliko. Hakuna aliyejua. Mimi mwenyewe nilikuwa naye na sikuona kitu. Akafunga kifungo cha shingo, akaenda kubisha kwa chefu wa wakati ule, mimi nyuma yake na daftari.

"Chefu, nimekosa. Dawa ya Kyavinyonge imebaki hapa, mashuka ndiyo imeenda. Naomba mutu wa pikipiki aifuate."

"Nani ameona?"

"Mimi."

"Nani mwingine?"

"Hakuna bado. Nimekimbia kusudi niwe wa kwanza."

Chefu alibaki na kalamu mdomoni. Miaka ile mtu alipoteza kazi kwa jambo dogo kuliko hilo, na kazi zenyewe zilikuwa wapi? Lakini pikipiki ilitoka, dawa ikafika, na jina la Papa Kasereka halikupungua hata kidogo. Sikuelewa. Nilidhani labda wakubwa wanamuogopa.

Ninyi leo muko na vikundi kwenye telefone, munatumiana maneno mia kwa siku, picha za harusi, salamu za Jumatatu, na frigo inazimika hapo hapo mbele yenu. Sisemi kwamba sisi tulikuwa bora. Nitawaonyesha sasa hivi nilivyokuwa mimi.

Kosa langu lilitoka ndani ya adabu, halikutoka ndani ya uvivu, na ndiyo maana linanitisha. Kwetu mtu akitoka safari hapigwi na habari mbaya mlangoni. Anapewa kiti, anapewa maji, anakula. Hata kama kuna msiba, utamuona mwenye nyumba anazungumza mambo ya mvua na viazi mpaka sahani iishe, ndipo anakohoa. Tena mtoto haanzi kusema mbele ya mkubwa, anangoja aulizwe. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, na Mbusa, shofere wetu, alikuwa rika la baba yangu.

Ilikuwa asubuhi, karibu saa tatu na nusu. Upepo ulikuwa umeangusha waya wa antena, na Papa Kasereka alikuwa juu ya bati ya depo anaufunga tena. Mimi niko chini, sikio kwenye sanduku, nimjulishe kama sauti imerudi. Sauti ikarudi, na ndani yake alikuwemo Kambale, mwenzetu wa phonie ya Beni. Haikuwa saa yake. Sisi tulikuwa tunaitana mara tatu tu kwa siku, asubuhi na mapema, saa sita na jioni, ili batri zidumu. Kambale alifungua yake nje ya saa, bila mtu kumuita.

"Butembo, hapa Beni. Tangu asubuhi hakuna gari imetoka upande yenu. Kuko batu ba miguu banakimbia, banasema njia imekatwa mu ule musitu wa mbele ya kufika hapa, gari moja imepigwa masasi. Ni banani, sijue. Bamekufa ngapi, sijue. Leo hapana kuacha gari itoke. Batri inaisha, nafunga."

Nikaandika neno kwa neno, hata ile "banani" yake, yaani akina nani. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku ile, nauonea haya hadi leo. Kabla sijatoka kumuita Papa Kasereka, jip ikaingia uani. Ni Mbusa, anatoka Lubero tangu alfajiri. Alikuwa apakie serum, maji ya dripu, ya Beni, na ampeleke Mama Soki, mwuguzi aliyekuwa anangoja uani arudi kazini kwake kule, na mtoto wake wa miezi minne mgongoni.

Mbusa akaingia kwenye biro, ofisi yetu, vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa na maneno ya Kambale mkononi. Mkononi, munanisikia? Na nikasema nini?

"Papa Mbusa, mukae kwanza."

"Niko haraka, binti yangu. Mvua inakuja."

"Mukae kidogo. Naleta maharagi."

Nikamvutia kiti, nikampa maji. Kichwani nilikuwa nimepanga vizuri kabisa: atakula kidogo, nitainama, nitakohoa, nitasema. Masanduku, niliwaza, yatachukua nusu saa kupakiwa. Kumbe masanduku yenyewe ni matatu tu! Niliporudi na sahani, kiti kilikuwa wazi. Nikasikia jip inabadilisha vitesi, zile gia, kule chini kwenye mteremko. Nilikimbia mpaka kwenye lango, sahani mkononi, ninaita, mchuzi unanimwagikia mpaka kwenye kiwiko. Watu wa njiani walicheka, walidhani ni mambo ya mapenzi.

Papa Kasereka akashuka kwenye ngazi na koleo mkononi. "Kuko nini?"

Na mimi, naandika aibu yangu yote, nikasema, "Papa, mukae kwanza."

Hakukaa. Akanigeuzia sikio lake zima, akasema polepole, "Kahambu. Ile kitu iko mu kichwa yako, nipe vile iko."

Nikampa vile ilivyo.

Nilingoja kofi. Alitazama saa ya ukutani: saa nne kasoro dakika kumi. Kwa mashimo ya wakati ule, kutoka kwetu mpaka kwenye ule msitu ilikuwa saa moja na nusu. Saa yetu ya kuitana ilikuwa saa sita. Donc mpaka Beni wafungue phonie yao, Mbusa na Mama Soki na yule mtoto wangekuwa wamekwisha kuingia msituni zamani. Gari nyingine haikuwepo. Pikipiki ya depo ilikuwa Lubero tangu jana. Nilihesabu yote hayo na yeye.

Kulikuwa na kanali ya wafanyabiashara, masafa yao ya redio, ile inakaa wazi mchana kutwa. Wa dhahabu, wa samaki, wa kahawa, kila mmoja na phonie yake, wanaulizana mizigo. Sisi wa dawa tulikatazwa kuingia humo. Na kulikuwa na katazo lingine kubwa zaidi, la wenye kushika mji wakati ule, barua yenye muhuri imebandikwa juu ya meza yetu: hakuna kutaja hewani mambo ya njia wala ya wenye silaha. Ukitaja, wewe ni mpelelezi. Tuliwajua watu waliochukuliwa kwa ajili ya hilo, wao na masanduku yao. Papa Kasereka alikuwa na watoto saba.

Akazungusha kitufe mpaka kwenye kanali ile. Watu wawili walikuwa wanagombania bei. Akabonyeza mikro.

"Hapa depo ya dawa ya Butembo. Mutusamehe, tunakata maneno yenu. Sisi tumekosa. Njia ya Beni imekatwa mu musitu, gari moja imepigwa masasi. Tulijua, tukaacha gari yetu itoke bila kuiambia. Ni jip, iko na shofere, mama mumoja na mutoto. Imetoka hapa saa ine kasoro kumi. Banani banakata njia, hatujue. Mutu ananisikia karibu na barabara, asimamishe gari. À vous."

Tumekosa. Munaelewa? Hakusema "Kahambu amekosa". Hata kunitazama hakunitazama. Tumekosa, tulijua, hatujue, maneno matatu ambayo mimi nisingeyatoa hata kwa padri ndani ya kiti cha ungamo, yeye aliyasema mbele ya eneo lote, chini ya ile barua yenye muhuri. Nimeona maaskofu, nimeona majenerali. Mtu mkubwa niliyemuona maishani ni yule, na shati lake lililofungwa mpaka shingoni.

Sanduku likavuma tu. Kisha likasema.

"Hapa Manguredjipa." Ni mmoja wa wale wawili, mfanyabiashara wa dhahabu, mtu asiyempa mwenzake nafasi hata ya kupiga chafya. "Ninaacha kanali. Bote munyamaze, muache depo iseme."

Na wakanyamaza! Wanaume wenye mifuko ya dhahabu, wenye kahawa iliyokaa chini ya mvua, wote kimya.

"Hapa Kyavinyonge." Sauti ya mama, na nyuma yake kelele za watu wa samaki. "Kuko masista ba misioni kando ya barabara, mbele ya ule musitu. Ninyi hapana kubapata, mulima inakata sauti. Mimi minabasikia. Minabeba maneno."

Akayabeba. Sisi masista hatukuwasikia hata kidogo. Tulimsikia yeye tu, anasema, ananyamaza, anasema tena. Halafu akarudi kwetu.

"Sista anarudilia: njia imekatwa, gari imepigwa masasi, tusimamishe jip ya depo, banani hamujue. Ni vile?"

"Ni vile," Papa Kasereka akajibu.

"Anatoka sasa. Anasema hajaona gari yenu ipite, lakini alikuwa mu chapelle, donc hana hakika."

Hana hakika. Batoto yangu, mwili unanisisimka nikiandika hapa. Yule mama wa samaki sikumjua, hakunijua, samaki wake walikuwa wanaharibika juani. Angeweza kulikata lile neno, akatuambia tu "haijapita", na sisi tungepumua vizuri kwa uongo. Alilileta zima, kutoka kwenye mdomo wa sista mpaka kwenye meza yetu. Tangu siku ile, mtu akinipunguzia habari ili nisiumie, ninamkasirikia.

Papa Kasereka akafunga tena kile kifungo chake, ingawa kilikuwa kimefungwa, akaenda kwa chefu. Nikamfuata.

"Chefu, nimevunja amri ya wenye muji. Nimetaja njia hewani, hata dakika kumi haijapita. Nimekuja kuwaambia mbele musikie kwa bengine."

Chefu alikuwa mtu mnene, mwenye hasira fupi. Alikaa chini. "Umesema kwa nani?"

"Kwa bote."

Nilidhani atapasuka. Akainuka, akavaa koti lake la Jumapili lililokuwa nyuma ya mlango. "Basi na mimi naenda kwa commandant wa mji mbele hajaniita," akasema. "Nitasema ni mimi nilikutuma." Akatoka kwa miguu, peke yake. Aliporudi mchana koti lilikuwa begani, akaomba maji, na kile walichosemezana kule hakukisimulia mpaka alipostaafu. Hapo nilielewa jambo la mashuka ya Kyavinyonge. Wakubwa hawakuwa wanamuogopa Papa Kasereka. Walikuwa wanamuamini, na kwa sababu hiyo waliweza kwenda kwa neno lake bila kuuliza mara mbili.

Tulikaa kwenye phonie, sisi wawili. Ikawa saa tano. Ikawa saa tano na dakika ishirini, ile saa tuliyohesabu. Nilikuwa ninasali rozari ndani ya mfuko wa gauni, kwa kificho, maana Papa Kasereka ni Mprotestanti. Akaona.

"Endelea," akasema. "Hata ile itasaidia."

Saa sita kasoro robo sanduku likaita. "Butembo, hapa Kyavinyonge. Shofere wenu iko kwa masista. Anagomba sana."

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Papa Kasereka ndiye aliyeuliza, "Anagomba nini?"

"Anasema amekuta mashini ya kushona mu barabara."

Misioni ile ilikuwa na chumba cha kufundishia wamama kushona. Sista alikuwa amewatoa wote, na mashini zao na meza zao, akazipanga kutoka mtaro huu mpaka mtaro ule, na wamama wakakaa nyuma yazo wakaendelea kushona nguo za shule. Shofere gani atapita juu ya wamama na mashini zao? Mbusa alipiga honi mpaka akachoka, kisha akashuka kugomba, ndipo akaambiwa.

Nililia, kwa sauti, bila haya. Kyavinyonge akasema tena: "Shofere anauliza, kwenu nani alijua?"

Papa Kasereka akasukuma mikro juu ya meza mpaka mbele yangu. "Ni yako."

"Papa, si mumekwisha kusema tumekosa?"

"Ile ilikuwa ya kusimamisha gari. Hii ni ya kwako."

Nikabonyeza. "Papa Mbusa, ni Kahambu. Mimi nilijua mbele mutoke. Niliandika hata mu daftari. Nilitaka mukule kwanza. Nimekosa. À vous."

Nikamsikia yule mama anayabeba, moja moja, kosa langu linavuka ziwa na milima kwa sauti ya mtu mwingine, na wafanyabiashara wote wanasikiliza. Ilichukua muda mrefu kurudi.

"Shofere ananyamaza... Sasa anasema amesikia. Anasema Mama Soki iko ananyonyesha mutoto, beko bazima. Na anasema kitu ingine, anataka niseme vile iko. Haiko jip yenu tu. Kuko magari tisa hapa nyuma ya mashini. Kuko kamio ya bamama ba soko, bamekaa juu ya mizigo, anashindwa kubahesabu. Hata gari moja haikukuwa inajua."

Papa Kasereka akashukuru, akaweka mikro chini. Mimi, mjinga wa kijinga, nikapangusa machozi nikasema, "Papa, basi Mungu ametumia kosa langu."

"Hapana!" Alipiga meza. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, wala sikumsikia tena. "Hapana kusema vile hata siku moja." Kisha akashusha sauti. "Lakini sikia, Kahambu. Kama mimi ningekuwa hapa chini, hapana juu ya bati, ningemuambia Mbusa. Ningemuambia yeye peke yake, mu sikio. Angekaa hapa anakula maharagi yako, na mimi ningesema leo nimefanya kazi muzuri. Na ile kamio ya bamama ingeenda."

Nilimtazama yule mtu aliyekuwa anajua kila kitu, na nikaona macho yake yamejaa maji.

Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kipande cha mkaa. Akatoka nje mpaka kwenye ukuta wa depo unaotazama barabara, ukuta mweupe ambao chefu alikataza hata kuuegemea. Akaandika kwa herufi kubwa kama mkono wake: NJIA YA BENI IMEKATWA. HAPANA KUPITA. MAMBO INGINE HATUJUE. Nilimshikia ngazi.

Mama mmoja alikuwa anapita na mzigo wa viazi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Akasimama. Hakujua kusoma. "Bameandika nini?" akauliza. Nikamwambia papo hapo, yote, hata tusiyoyajua.

"Bwana yangu ametoka sasa hivi na kinga," akasema, kinga ndiyo baiskeli. Akaachia mzigo ukaanguka chini ya ukuta, akashika kitenge chake kwa mikono miwili, akakimbia kuelekea njia ya Beni.

Viazi vile vilikaa pale mchana wote, mimi na Papa Kasereka hatukuvigusa. Saa kumi na moja walikuja wawili kuvichukua, yule mama na bwana mmoja anayesukuma kinga.